Dripu ya seli shina kwa neva iliyokatika, nawapa nyota 2 na sababu hizi hapa

Nilikatwa na kioo chini kidogo ya kiwiko, neva ya ulna (mshipa wa fahamu unaopita kiwikoni hadi kidole kidogo) ikakatika kabisa, daktari wa upasuaji akaishona siku hiyohiyo. Mwezi wa 4 tangu niumie, kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pili yake bado ganzi tupu, kuzungusha ufunguo siwezi, kifungo cha shati siwezi, ndo nikaenda kliniki moja (jina naliacha) inayotangaza kwamba seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) zinaotesha neva ndani ya wiki 6.

Mapokezi mazuri, sikatai. Pasafi, manesi wapole, nilisikilizwa mpaka nikamaliza. Wakanitoa mafuta kidogo tumboni, wakasema seli zinachujwa humo, nikarudishiwa kwa dripu kwenye mkono ule usioumia. Kifurushi kilikua dripu 3, nimeishia ya kwanza.

Tatizo langu la kwanza ni hapo kwenye dripu. Seli za aina hii ukizipitisha kwenye mshipa wa damu nyingi hukwama kwenye mapafu, na jeraha langu liko mkononi! Tafiti ambazo zimeonyesha matumaini, nyingi ni za panya, seli zinawekwa palepale neva ilipokatika, mara nyingi ndani ya kijibomba kinachounganisha ncha mbili, na hata hapo seli zenyewe kwa kawaida hazigeuki kuwa neva, zinachofanya zaidi ni kutoa kemikali za kuchochea ukuaji na kusaidia seli za Schwann, ambazo ndo zinaisindikiza neva inapoota. Halafu panya neva yake inatembea sentimita chache tu imefika, yangu ina kama 30 kutoka kwenye kovu hadi mwanzo wa vidole. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa ajili ya kutibu neva za mikono na miguu, hili nilitakiwa kuambiwa kabla ya kusaini, sikuambiwa.

La pili ndo limeniuma zaidi. Hawakunipima. Yaani hakuna kipimo cha umeme wa neva na misuli kabla ya dripu, hakuna baada, sasa mtajuaje kama imefanya kazi? Wiki ya 3 nikawaambia nikigongwa katikati ya mkono nasikia kama shoti inakimbilia kidole kidogo, wakafurahi sana wakasema seli zimeanza kazi.

Nikarudi kwa daktari aliyenishona. Akafungua faili, akanionyesha kwamba alishaigonga shoti hiyohiyo mwezi mmoja KABLA sijaenda kliniki, ilikua juu zaidi, karibu na kovu, na tangu hapo imeshuka sentimita kadhaa. Neva ya pembeni (ya nje ya ubongo na uti wa mgongo, kama hii ya mkono) inaota yenyewe kama milimita 1 kwa siku, sehemu ile ya shoti ndo ncha yake ilipofika. Piga hesabu, sentimita 30 ni siku 300, na mwanzoni inakaa wiki kadhaa kabla haijaanza kutembea. Kwa hiyo wiki 6 za kliniki hazikua na hesabu yoyote nyuma yake, na mimi nilikua naendelea vizuri bila kujua.

Wenzangu mlioumia neva naomba mlisome hili taratibu: misuli haisubiri milele. Ikikaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila neva inakauka, na hata neva ikifika baadaye nguvu hairudi sawasawa. Kuna upasuaji wa kupandikiza kipande cha neva kutoka mguuni, kuna wa kuhamisha tawi la neva ya jirani, ila vyote vina muda wake, na ukizunguka miezi na dripu muda ndo unaisha hivyo. Kliniki hawakuniuliza hata mara moja niliumia lini.

Sipingi seli shina, natamani kweli majaribio yafanikiwe kwa sababu neva ikipotea kipande kirefu tiba zilizopo bado ni dhaifu. Ila jaribio la kweli linakupima kwanza, na linakwambia wazi kwamba hili ni jaribio.

Leo ni mwezi wa 8 tangu niumie, shoti imebakiza upana wa vidole viwili tu kufika kifundo cha mkono, nafanya mazoezi ya fiziotherapia kila asubuhi na naangalia ngozi ya kidole kila nikitoka jikoni maana naweza kuungua nisisikie. Kipimo cha umeme ni wiki ijayo, nitarudi kuandika majibu hapa.