Chokaa ya rojo kwa kuta za matofali ya kale Uingereza

Kwa nyumba ya kijijini ya karne ya 18, ya matofali laini mekundu, rojo ya chokaa iliyozimwa kwa maji, ya kujaza viungo (mianya kati ya matofali), inanunulika bila wasiwasi. Saruji usiiguse. Ni ngumu kuliko tofali lenyewe, hivyo unyevu ukikosa njia kwenye kiungo hutokea kwenye tofali. Baridi ikiugandisha, uso wa tofali hubanduka vipande.

Rojo nzuri ni nzito, inakaa kwenye mwiko bila kumwagika. Changanya kipimo 1 cha rojo kwa vipimo 3 vya mchanga mkali (wenye chembe zenye kingo) uliooshwa, na usikimbilie maji: ponda tu, italainika yenyewe. Chokonoa kiungo kwa mkono hadi angalau milimita 25 (grainda hukata kingo za matofali), lowesha, kisha shindilia mchanganyiko ndani. Ikianza kukaza, igonge kwa brashi ngumu, halafu funika kwa gunia lenye unyevu kwa wiki nzima. Ikikauka haraka inageuka unga.

Kasoro yake ni uvivu wa kukaza. Chini ya nyuzi 5 acha kazi. Kwenye bomba la moshi, linalopigwa na mvua pande zote, chokaa ya haidroliki (inayokaza kwa maji) inafaa zaidi.