Kale kamashine ka kidoleni ka kupima oksijeni: kama una mtoto wa moyo tafuta ka watoto

Wadau wa Kigoma mnaoulizia hiki kipimo, mimi ninacho na nakitumia kila siku. Mwanangu ana tetralojia ya Fallot, yaani tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo alafu njia ya kupeleka damu mapafuni imebana, na mengine mawili yanayoambatana nayo, kwahiyo damu isiyo na oksijeni inajichanganya na ile safi ndo mana midomo na kucha zinakua za bluu hasa akilia au akikimbia. Anasubiri operesheni JKCI, ile taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Dar, na toka huku mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, sio sehemu ya kukimbilia kila akibadilika rangi, ndo daktari akasema tuwe na kipimo nyumbani.

Nimekichukua duka la vifaa tiba pande za Mwanga. Mdomo wake mdogo, ndani una mpira laini. Shemeji alikua na kile cha watu wazima cha kipindi cha korona, tukavilinganisha: kwenye kidole cha mtoto wa miaka mitatu kile kikubwa kinachezacheza tu, mara oksijeni asilimia 71 mara 93 mara vistari, ukikifuata utaita bodaboda usiku wa manane bure. Cha watoto kinatulia. Ila nacho kina masharti, mtoto asitikisike, mkono uwe na joto (asubuhi ya baridi nausugua kwanza), na usichukue namba ya kwanza inayotokea, subiri ile alama ya mapigo ipande na kushuka sawasawa. Na hina jamani! Ujiji yetu hii kila harusi watoto wanapakwa hina na piko, na hiki kinapitisha mwanga kwenye kidole, kucha ikiwa na rangi namba inaweza kuyumba. Kidole kimoja cha mwanangu ni marufuku kupakwa kitu, bibi yake ananuna lakini ndo hivyo.

Kitu ambacho muuzaji hakuambii, kwa ngozi nyeusi hivi vipimo vinaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Kuna utafiti ulitoka Marekani 2020 ukaonesha wagonjwa weusi oksijeni yao ikiwa chini kipimo kinasema poa karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kwahiyo mimi namba nasoma na mtoto namwangalia, midomo, anavyohema, kama anachuchumaa katikati ya mchezo. Akibadilika rangi ghafla hatuanzi kutafuta kipimo, tunamkunja magoti yaje kifuani kama tulivyofundishwa, alafu tunaondoka kwenda hospitali.

Alafu msimlinganishe mtoto wa Fallot na ile 95 ya watoto wengine. Wangu kawaida yake ni themanini na kitu, na daktari katuandikia ikishuka mpaka ngapi twende. Ombeni ya watoto wenu, yangu msiichukue.

Faida kubwa nimeiona kwenye simu. Narekodi video fupi ya kioo cha kipimo na mtoto mwenyewe anaonekana, namtumia nesi wa klinik WhatsApp, na daftari la namba napiga picha. Namba zilivyoanza kushuka taratibu walituita mapema bila kusubiri tarehe ya klinik, hapo ndo nikasema hela yangu imerudi. Kina na blutuzi na programu yake, Kiingereza na Kichina kitupu, niliifuta.

Ila hakimwoni kila mgonjwa. Jirani kaja kumpima wake, 98, akaanza kushukuru Mungu. Matundu mengine ya moyo hayabadilishi hiyo namba kabisa, mtoto anasoma 98 huku akinyonya anatoka jasho, anachoka, uzito hauongezeki. Huyo anataka eko, yaani kile kipimo cha kuangalia moyo kwa ultrasound, na wale wa JKCI wakizunguka mikoani na tiba mkoba huwa wanakuja na mashine ya eko, fuatilieni matangazo.

Betri ni zile nyembamba za rimoti, bei ilizidi cha wakubwa karibu mara mbili. Nakipa nyota nne, moja nimekata kwa sababu hakipigi kelele namba ikishuka. Mkienda kununua mbebe mtoto, mumpime hapohapo dukani na mhesabu mapigo yake kwa mkono dakika nzima mlinganishe, muuzaji akisema "hiki kikubwa kinafaa wote" nenda duka la pili.