Malindi hadi Dubai: kadi ya dola, noti za kibindoni au M-Pesa GlobalPay?

Kwa msafiri wa Malindi au Lamu anayekwenda Dubai wiki moja, kadi ya dola ya kujaza kabla, ile inayotolewa na benki, ndiyo inayostahili kubeba sehemu kubwa ya pesa. Noti za dola ziifuate, na GlobalPay, kadi ya Visa isiyo ya plastiki iliyomo ndani ya M-Pesa, ibaki kwenye malipo ya mtandaoni. Sababu iko kwenye dirham yenyewe, fedha ya Dubai: tangu 1997 imefungwa na dola, dola moja kwa dirham 3.6725. Ukishashika dola, kugeuza kuwa dirham hakukuli sana. Panapouma ni pale shilingi inapogeuka dola.

Basi hapo ndipo pa kubana. Malindi ina mabenki na maduka ya fedha za kigeni, kwa hiyo uliza bei sehemu tatu kabla ya kutoa shilingi. Angalia bei ya kuuza, kwa kuwa wao ndio wanaokuuzia. Tofauti ya shilingi mbili tu kwa dola 600 ni shilingi 1,200, na hiyo ni nauli ya watu. Wa Lamu ana uchaguzi mdogo zaidi. Akipitia Mombasa, anunue mjini, si uwanja wa ndege. Dirham usinunue huku. Maduka huwa nazo kidogo, na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza ni pana.

Kadi ya dola unaijaza kabla ya safari, na bei unaijua siku hiyohiyo. Muulize karani mambo matatu: ada ya kuitoa, ada ya kila kutoa pesa kwenye ATM ya nje, na asilimia inayokatwa unapolipa kwa fedha isiyo dola. Hilo la tatu wengi hulisahau, nalo ndilo linalofanya kadi mbili zinazofanana ziwe na gharama tofauti. Hakikisha pia imefunguliwa kutumika nje ya Kenya, na jaribu namba ya siri kwenye ATM ya hapa kabla hujafunga begi.

Ukifika, mtego mkubwa uko kwenye mashine ya malipo. Ikitambua kadi ni ya kigeni, huuliza: ulipe kwa dirham au kwa fedha ya kadi yako? Chagua dirham, kila mara. Ukichagua nyingine, duka ndilo linalobadilisha, kwa bei yake. Chukua mfano wa bili ya dirham 400 na kadi ya shilingi, dola ikiwa shilingi 129: hesabu halisi ni kama shilingi 14,050. Nyongeza ya asilimia 5 inakuchukulia kama 700 nyingine kwa kubonyeza kitufe tu. Muuzaji akikubonyezea bila kukuuliza, mwambie afute aanze upya kabla hujaweka namba ya siri.

Hoteli ni suala jingine. Mapokezi hushikilia dhamana, na kwenye kadi ya kujaza kabla pesa hiyo inafungwa kweli. Huweza kukaa siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Uliza kama wanapokea dhamana taslimu. Tenga pia ada ya utalii iitwayo Tourism Dirham, dirham 7 hadi 20 kwa chumba kila usiku kulingana na daraja la hoteli, ambayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni.

GlobalPay, iliyozinduliwa 2022 na Safaricom pamoja na Visa, ni nzuri kwa tiketi ya ndege na kuweka chumba. Tarakimu za usalama hubadilika, kwa hiyo namba ikivuja haimfaidii mwizi sana. Lakini haina plastiki: mapokezi wakitaka kuona kadi uliyolipia, huna cha kuwaonyesha. Inategemea pia laini yako, basi washa huduma ya nje (roaming) kabla ya kuondoka, wala usiitoe laini kwenye simu.

Noti zina kazi yake, hasa Deira, mtaa wa Dubai, kwenye soko la dhahabu, ambako ujira wa ufundi hujadiliwa na pesa mkononi husaidia. Beba za 100 zenye utepe wa bluu, zilizotoka kuanzia 2013. Za zamani hukataliwa au hupunguzwa bei. Noti iliyokaa sandukuni ikashika madoa ya unyevu wa pwani, au iliyochanika pembe, ibadilishe hukuhuku. Ukizidisha dola 10,000, sheria ya Kenya inakutaka uzitangaze forodhani. Ukinunua kitu cha dirham 250 au zaidi, toa pasipoti dukani uombe ununuzi usajiliwe ili urudishiwe kodi, kisha uuhakikishe uwanjani kabla hujakabidhi mizigo.

Dirham zinazobaki zigeuze dola mjini Deira, kwani sarafu za chuma hazibadilishiki ukirudi. Salio la kadi nalo liulizie: baadhi ya benki hukata ada ya kila mwezi kadi ikilala, na dola 40 zilizosahauliwa humalizika zenyewe.