Hori, Liwali na Tende: Uzoefu Wangu na Kijitabu cha Chemshabongo za Krismasi

"Ng'ombe hulia humo, mvuvi hupiga kasia humo. Herufi 4."

Niliposoma kidokezo hicho niliandika ZIZI bila kusita. Zizini ng'ombe hulia usiku kucha, hasa akitengwa na ndama wake. Habari ya mvuvi nikaiweka kando, nikijiambia itajieleza mbele ya safari. Lakini kwenye kisanduku kile kile cha kwanza lilianzia neno la wima, na hilo lilimtaka mfalme aliyeamuru watoto wa Bethlehemu wauawe. Huyo ni HERODE, hana jina jingine. Z ikakataa kukaa. Nikafuta, nikabaki na H na visanduku vitatu vitupu.

Jirani yetu, mzee wa asili ya Lamu aliyemaliza ujana wake wote baharini, alikuwa amekuja kutuletea ukwaju. Binti yangu akamsomea: "Babu, ng'ombe hulia humo, mvuvi hupiga kasia humo. Inaanza na H."

"Hori," akasema papo hapo. "Tulikuwa tukivukia hori tangu wadogo."

Nikashtuka. Hori! Mtoto alilazwa katika hori ya kulia ng'ombe, Luka 2:7. Mstari huo nimeusikia kila Krismasi tangu nijue kusikia, na hori za wavuvi, ile mitumbwi midogo, nazijua, ila sikuwahi hata siku moja kuyaweka maneno hayo mawili pamoja. Mzee naye aliijua hori ya majini tu. Nilipomwambia kwamba katika Injili hori ni chombo cha kulishia mifugo, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi ni sawa, vyote viwili vimechongwa viwe na tumbo." Na ile "hulia" iliyonipeleka zizini haikuwa ya kulia kwa sauti. Ilikuwa ya kula ndani ya kitu. Maneno saba tu, na mtungaji amefumba mara mbili.

Kwa kidokezo hicho kimoja nasema shilingi zangu 150 hazikupotea.

Kijitabu chenyewe nilikinunua katika duka la vifaa vya shule karibu na soko hapa Malindi, wiki ya pili ya Desemba. Kina chemshabongo 12, zote za Krismasi, zote kwa Kiswahili. Nilikusudia kiwashughulishe watoto wakati wa likizo, ila tangu jioni ya kwanza tulikaa nacho sote kibarazani hapa Maweni, upepo wa kaskazi ukipeperusha kurasa na bakuli la maembe likiwa katikati. Tulizimaliza kwa jioni tatu, na ya mwisho tuliimaliza kwa mwanga wa taa ya kuchaji kwa sababu umeme ulikatika.

Ambaye hajawahi kujaza chemshabongo ya Kiswahili asidhani ni sawa na ya Kiingereza iliyobadilishwa maneno. Lugha yetu ina tabia zake, na mtungaji anayezijua anazitumia. Kwanza kuna ngeli. Kidokezo kikianza na "walikaa makondeni wakilinda kundi lao usiku", umeshajua jibu ni viumbe, tena wengi, hivyo unaandika WA mwanzoni kabla hujafikiri lolote. WACHUNGAJI, herufi 10. Kikianza na "iliwaongoza", unajua hutafuti mtu. NYOTA. Kijana wangu wa Gredi ya 5, ambaye ngeli humchosha darasani, alikuwa akiangalia kiambishi kwanza kisha ndipo asome kidokezo chote. Hilo sikumfundisha mimi. Alilipata mwenyewe kwa kuona linamfaa.

Pili kuna irabu. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na konsonanti na irabu hupokezana mpaka mwisho. Kwa hiyo neno la mlalo na la wima hukutana kwa urahisi kwenye A au I, ila makutano hayo hayakusaidii sana, maana A inaweza kuwa ya neno lolote. Makutano ya thamani ni yale ya konsonanti: H ya HERODE ilinitoa zizini, A isingenitoa. Mtungaji wa kijitabu hiki ameliona hilo katika chemshabongo sita au saba za mwanzo. Kuanzia ya 8 naona alichoka au alibadilishwa, maana makutano mengi ni A tupu na unabaki kubahatisha.

Kuna nyingine iliyotuchukua muda, nayo niliipenda karibu kama hori. "Cheo cha Kirenio huko Shamu. Herufi 6." Binti akaandika MFALME, na kweli herufi zinatosha. Lakini kisanduku cha nne kilikuwa na A iliyoshuka kutoka DHAHABU, na MFALME ina L hapo. Nikafungua Luka 2:2 katika Biblia ya Union, tafsiri inayotumiwa sana na Waprotestanti: Kirenio alikuwa liwali wa Shamu, yaani Siria. LIWALI! Watoto hawakuwahi kulisikia neno hilo nje ya Biblia, wakadhani ni la Kirumi. Mzee ndiye aliyewaeleza kwamba Malindi hapa palikuwa na liwali, mtu wa Sultani wa Zanzibar, enzi ambazo ukanda wa maili 10 wa pwani ulihesabiwa kuwa wa Sultani, hadi 1963. Waliotafsiri Injili walihitaji jina la mtawala anayetawala kwa niaba ya mwingine aliye mbali, na pwani ilikuwa nalo tayari. Tulisimamisha chemshabongo karibu saa nzima kwa ajili ya neno hilo moja, mzee akisimulia aliyosikia kwa wazazi wake.

Hivyo ndivyo ningependa kijitabu chote kiwe. Bahati mbaya sivyo.

Chemshabongo ya 9 ina kidokezo "hufunika nchi yote wakati wa Krismasi", na jibu ni THELUJI. Nchi ipi? Krismasi ya Malindi ni jua la kaskazi, mchanga unaochoma nyayo na maembe yanayoanguka yenyewe. Mtoto aliandika MAEMBE, akahesabu, ikapungua herufi moja, akaniangalia. Sikuwa na la kumwambia ila kwamba swali halikuulizwa kwa ajili yake. Ya 10 inataka mnyama anayevuta gari la Santa, na jibu walilochapisha ni KULUNGU. Kulungu tunamjua, ni mnyama wa vichakani mwetu huku, hajawahi kuona barafu. Yule wa nchi za baridi ni mnyama mwingine kabisa. Hapo inaonekana wazi kwamba mtu alichukua chemshabongo ya ng'ambo akaigeuza neno kwa neno, na mtoto anafunzwa kosa.

Kasoro nyingine ni ya majina. Hakuna mahali kijitabu kinaposema kimefuata Biblia ipi. Mume wa Mariamu ni YUSUFU katika chemshabongo ya 2 na YOSEFU katika ya 5. Yote mawili ni sahihi, Wakatoliki wana lao na Union ina lake, na kwa bahati yote yana herufi 6, kwa hiyo hesabu haikuambii umekosea. Unagundua tu pale U yako inapogongana na O ya neno la wima. Katika ya 6 mji wa Daudi umepewa visanduku 9. Nilihesabu BETHLEHEMU mara tatu, 10 kila mara, mpaka nikakumbuka kwamba wako wanaoandika BETLEHEMU. Mstari mmoja wa maelezo ukurasa wa kwanza ungetuepusha na hayo.

Halafu karatasi. Ni nyembamba mno. Ukifuta mara mbili, kisanduku kinatoboka, na wino unapenya mpaka chemshabongo ya nyuma. Kitabu cha kwanza kabisa cha chemshabongo, kilichotolewa Marekani mwaka 1924, kiliuzwa na penseli yake imefungwa pamoja nacho. Hiki nakushauri ukinunue na penseli laini na ufutio mzuri, kalamu ya wino uiache.

Jambo moja nililolipata zamani katika kusoma kwangu, na ambalo kijitabu kingepaswa kulitaja, ni kwamba mchezo huu wenyewe ulizaliwa msimu wa Krismasi. Tarehe 21 Desemba 1913, gazeti la New York World lilichapisha fumbo la Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, katika nyongeza yake ya burudani. Lilikuwa na umbo la almasi, tundu katikati, bila kisanduku cheusi hata kimoja. Alilipa jina Word-Cross, na wiki chache baadaye maneno ya jina yakapinduliwa kuwa Cross-Word, yakabaki hivyo. Watoto walifurahi sana kusikia kwamba wasomaji wa kwanza nao walikuwa wamekaa majumbani wakingoja Krismasi ileile.

Je, nikinunue tena? Chemshabongo za 1 hadi 7, ndiyo, hata leo, na ningemnunulia na dada yangu aliye Lamu. Tano za mwisho ziandikwe upya. Mtoto wa chini ya Gredi ya 4 asiachiwe peke yake, atakata tamaa. Na ukiwa na mzee karibu, mwite.

Ukurasa wa mwisho wana mraba mtupu wa kujitungia yako, na huo ndio tuliojaza mkesha wa Krismasi. Binti alianza na TUNU katika mlalo, yale mamajusi waliyotoa. Kijana akataka PILAU, akapewa. Mzee alikuwa amesikiliza kwa jioni tatu, naye akaomba atunge kidokezo kimoja. Akafikiri, akasema: "Mama alitikisa shina, zikamwangukia. Herufi 5."

Nikapekua Luka sura ya kwanza na ya pili, nikaenda Mathayo. Hakuna shina.

"Huko hutaipata, mwanangu," akasema. "Iko kwetu, katika Kurani, Surat Maryam. Uchungu ulimpata Bi Mariamu chini ya mtende, akaambiwa autikise, tende mbivu zimwangukie."

Binti akatafuta mahali pa kuiweka. TENDE ikashuka wima kutoka kwenye T ya TUNU, na visanduku vikatosha.