Mpelelezi au skauti?

Askari anayetangulia jeshi kwenda kuchungulia adui yuko wapi, tumwite nani? Hapa Dodoma ukisema "skauti", mtu anaona kijana mwenye skafu shingoni, amesimama wima juani Uwanja wa Jamhuri. Ukisema "mpelelezi", anawaza polisi, na ile kauli ya mahakamani tuliyoizoea: upelelezi haujakamilika.

Skauti limetoka Kiingereza, nako lilifika kutoka Kifaransa cha kale, kwenye kitenzi cha kusikiliza. Napenda hilo: kabla ya macho, masikio. Lilikuwa neno la vita kabla halijawa la watoto. Baden-Powell, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekuja kuanzisha chama cha skauti, aliwaandikia askari mwongozo wa kazi hiyo mwaka 1899, ndipo mwaka 1907 akapiga kambi na wavulana kisiwani Brownsea. Kaburi lake liko Nyeri, Kenya.

Mpelelezi ni letu, kutoka kupeleleza. Wasomaji wa Biblia wanawakumbuka watu kumi na wawili waliotumwa na Musa kuipeleleza Kanaani, wakarudi na kishada cha zabibu kilichobebwa mtini na watu wawili. (Mkulima wa zabibu wa Hombolo angetaka kujua mbegu ile.) Hiyo ndiyo kazi yenyewe: nenda, tazama, rudi useme.

Mimi nachagua mpelelezi, ila kwenye habari za vita naongeza "wa jeshi", msomaji asidhani kuna kesi.