Nimeitazama Glorious 39: njama za watu wenye adabu zao

Nianze na hukumu, maana najua wengine mtaishia hapahapa: naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Saa ya kwanza ingepata zote tano bila ubishi. Sehemu ya mwisho ndiyo iliyoiangusha.

Glorious 39 ni filamu ya Uingereza ya mwaka 2009, imeandikwa na kuongozwa na Stephen Poliakoff. Hadithi inaanza majira ya joto ya 1939, vita vikiwa vinabisha hodi. Anne Keyes, anayeigizwa na Romola Garai, ni mwigizaji anayeanza kujulikana, mtoto wa kulea katika familia ya kitajiri yenye jumba kubwa huko Norfolk. Baba yake, Sir Alexander, ni mbunge wa Wahafidhina waliokuwa madarakani. Huyu kaigizwa na Bill Nighy, na ile sauti yake ya upole ni nusu ya filamu nzima. Siku moja kuna karamu nyumbani. Mbunge kijana, rafiki wa familia, Hector Haldane (David Tennant), anachemka mezani: Hitler habembelezeki, na serikali inayoendelea kumbembeleza itaizamisha nchi. Miongoni mwa wageni yumo bwana mmoja wa serikalini, Balcombe, ambaye hana maneno mengi. Haukupita muda Hector akakutwa amekufa, ikasemwa kajiua.

Nilikuwa naitazama na mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa Tanga. Karamu ile haijaisha, keshamnyooshea Balcombe kidole kwenye skrini. "Mpwa wangu, mwangalie huyo anayesikiliza. Anayefoka hana shida."

Kilichonikamata ni santuri. Anne anakuta santuri zimehifadhiwa katika banda la nyumbani kwao, zimeandikwa kwamba ni muziki wa foxtrot. Anaiweka moja kwenye gramafoni akitegemea dansi, zinatoka sauti za wanaume wakizungumza. Ni mazungumzo yaliyorekodiwa kwa siri. Hakuna muziki wa kutisha, hakuna anayekurupuka kutoka nyuma ya mlango. Ni binti ameinama karibu na sindano ya gramafoni anajaribu kushika maneno, na wewe mtazamaji unajikuta umeinama naye. Wanaodhani jambo hilo ni la kubuni tu wajue kwamba vita vilipoanza Waingereza walikuwa wakirekodi mazungumzo ya mateka wa Kijerumani kwenye santuri hivyohivyo, vinasa sauti vimefichwa vyumbani. Teknolojia hiyo ilikuwepo. Filamu imeielekeza ndani ya nyumba zao wenyewe.

Na hapo ndipo ninapoiheshimu. Filamu nyingi za enzi hizo zinamweka mwovu ndani ya sare ya Kinazi, buti zinalia, Kijerumani kinafokwa. Humu Wajerumani huwaoni kabisa. Wanaotisha ni watu wanaokumiminia chai, wanaokuita mpenzi, wanaouliza kama umelala vizuri. Hawampendi Hitler hata kidogo, au angalau wengi wao. Wanaogopa kwamba vita vya pili vitamaliza kila walichonacho: majumba, mashamba, himaya, maisha yao. Sir Alexander alipigana vita vya kwanza na hataki kuona tena. Unamwelewa. Ukishamwelewa ndipo unapoanza kuogopa, kwa sababu mtu mwenye sababu nzuri ana uwezo wa kufanya mambo mabaya sana huku dhamiri yake imelala fofofo.

Wahusika wa Poliakoff ni wa kubuni, tuelewane. Lakini hakuokota hewani. Septemba 1938 Neville Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza, alikwenda Munich, Ujerumani, na Uingereza, Ufaransa, Italia na Ujerumani zikakubaliana kwamba eneo la Sudeten likatwe kutoka Chekoslovakia apewe Hitler, Wacheki wenyewe hawajakaribishwa mezani. Machi 15, 1939 majeshi ya Hitler yakaingia Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, na mkataba ule ukawa karatasi ya kufungia karanga. Nyuma ya Chamberlain alikuwepo Sir Joseph Ball, aliyewahi kufanya kazi katika idara ya ujasusi ya MI5, kisha akaongoza kitengo cha utafiti cha chama chake. Huyu alikuwa na mkono wa siri katika gazeti lililowachafua wapinzani wa waziri mkuu, na simu za wabunge wa chama chake mwenyewe waliompinga Chamberlain zilikuwa zikisikilizwa. Kwa hiyo Balcombe anapokaa kimya pale kwenye karamu, ana ndugu zake katika historia. Kuua wabunge, hilo ni la filamu. Kuwasikiliza, hilo lilitokea.

Jambo jingine nililodhani limetiwa chumvi ni wanyama. Katika filamu, vita vinapotangazwa, watu wanawapeleka mbwa na paka wao kwa daktari wa mifugo wakauawe, na kuna tukio huko ambalo sitalieleza, ila usile kitu wakati huo. Mjomba alisimamisha filamu akaniambia: kweli tupu. Wiki ya kwanza ya Septemba 1939 watu walipanga foleni mitaani London wakiwa na wanyama wao. Kijitabu cha ushauri kilikuwa kimewaambia kwamba wasipoweza kuwahamishia mashambani, huruma ni kuwaua. Idadi inayotajwa mara nyingi ni wanyama 750,000. Hakuna bomu hata moja lililokuwa limeanguka London. Poliakoff hatoi mahubiri juu ya hilo, anakuonyesha miili na foleni, basi.

Sasa niseme kinachonikera, na hapa naandika kama Mtanzania. Humu ndani watu wanazungumza amani kwa bei yoyote kwa zaidi ya saa mbili, na hakuna anayeuliza bei hiyo ingelipwa na nani. Wacheki walilipa, sawa. Lakini katika miaka hiyohiyo koloni la zamani la Wajerumani, Tanganyika, lilikuwa linatajwa kama kitu cha kumpooza Hitler. Nchi hii Waingereza walikabidhiwa na Shirikisho la Mataifa baada ya vita vya kwanza, na Wajerumani waliruhusiwa kurudi kuanzia 1925. Wakalima kahawa Oldeani na wakajazana nyanda za juu za kusini, na katika miaka ya 30 wakawa na matawi ya chama cha Nazi hukuhuku. Machi 3, 1938 balozi wa Uingereza mjini Berlin, Nevile Henderson, alimpelekea Hitler pendekezo la mpango mpya wa makoloni katikati ya Afrika. Hitler hakuonyesha hamu, akasema suala la makoloni linaweza kungoja miaka. Mwaka huohuo masetla wa Kiingereza wakaunda Tanganyika League kupinga nchi kurudishwa kwa Wajerumani. Wenye nchi hawakuulizwa na upande wowote.

Mjomba aliposimulia hayo nilimwuliza mbona shuleni tulikariri Munich na Sudeten, hili tukalipita mbio. Akacheka. "Mtihani haukuuliza." Kisha akabonyeza filamu iendelee.

Najua, si kosa la Poliakoff kutotengeneza filamu ya Oldeani. Ametaka hadithi ya familia moja, na familia ile haiwazi mbali zaidi ya bustani yake. Ila sentensi moja tu pale mezani, bwana mmoja akitaja makoloni huku anajipakulia, ingekuwa ya kweli kihistoria na ingeutanua ule ukatili wao wa kistaarabu.

Udhaifu mkubwa uko kwingine. Kuna tukio la pikiniki kwenye magofu, Anne ameachiwa kitoto kichanga akiangalie, usingizi unampitia, akiamka hali imebadilika. Ni tukio zuri ajabu, jua linawaka na bado mgongo unakusisimka. Kuanzia hapo filamu inapenda mno mchezo wa "je, anawaza tu au ni kweli?" na inaurudia mpaka unachoka. Anne, binti mwerevu tuliyempenda, anaendelea kuwaamini watu ambao mimi na mjomba tulishawatilia shaka kitambo. Wanaomsaidia wanakufa mmoja baada ya mwingine kwa urahisi wa kutia mashaka. Hugh Bonneville, anayeigiza mwigizaji mwenzake Gilbert, ni mchangamfu na ananoga, nilitaka abaki zaidi. Halafu kuna sehemu ndefu ya kufungiwa ndani ambayo ingepunguzwa nusu yake. Julie Christie kama shangazi mtu amepewa kazi ndogo kuliko uwezo wake, ingawa kila anapoingia chumba kinapoa.

Kwa upande wa kuitazama: niliikodi kwenye huduma moja ya mtandaoni, na sauti ilikuwa chini kiasi cha kuudhi. Mazungumzo ya kunong'ona ndiyo uti wa mgongo wa filamu hii, na maandishi ya chini yalikuwa yanachelewa, unasoma jibu la swali lililopita. Hayakuwepo ya Kiswahili. Tukaishia kuunganisha spika ya redio. Kama una vipokea sauti vya masikioni, tumia hivyo, hasa kwenye santuri. Na bando liwe la kutosha, picha ikianza kuganda katikati ya mnong'ono utatukana.

Anayetaka milio ya risasi na magari kufukuzana asipoteze pesa yake, hapa hakuna. Anayependa hadithi za ujasusi zinazokwenda taratibu, na aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo ambapo kila mtu anajua jambo isipokuwa yeye, atafaidi. Walimu wa historia wa kidato cha tano na sita wanaweza kuonyesha ile nusu ya kwanza darasani, wakiruka tukio la daktari wa mifugo.

Tulichobishana mpaka usiku ni ule mkanda wa nje wa hadithi: filamu inaanza na kumalizika zama zetu hizi, kijana anawatembelea wazee wawili wa ukoo, mmoja wao Christopher Lee, kuuliza nini kilitokea mwaka ule. Mimi ningeukata wote, unapunguza hofu kabla haijakolea. Mjomba anasema ndiyo sehemu pekee ambapo mtu anaulizwa swali uso kwa uso na hana chai ya kujifichia. Bado hatujaafikiana.