Kulala Sesriem, jangwa la Namib: ndani ya geti au nje?

Hifadhi ya Namib-Naukluft nchini Namibia ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 50,000, kwa hiyo tangazo linalosema "malazi ndani ya hifadhi" halijakuambia kitu. Kambi ya Naukluft imo ndani, tena inawafaa sana wapenda kutembea milimani, ila ukitaka matuta mekundu ya Sossusvlei una kama kilomita 100 za changarawe mbele yako. Tafuta Sesriem, penye geti la kuingilia Sossusvlei, kisha uliza: nitalala upande gani wa geti?

Geti la nje hufunguliwa jua likichomoza na kufungwa likizama. Waliolala ndani, yaani kambi ya Sesriem au Sossus Dune Lodge, huruhusiwa kuanza safari kama saa moja kabla ya macheo. Hiyo saa moja ndiyo unayoilipia. Lami kutoka Sesriem hadi maegesho ya mwisho ni kilomita 60, mwendo mwisho 60 kwa saa, na Dune 45, tuta linalopandwa na wengi kutazama macheo, iko kwenye kilomita ya 45. Ukiondoka mara tu unaporuhusiwa, unabaki na dakika chache za kupanda tuta. Kuwahi macheo Deadvlei, lile bonde jeupe la miti iliyokauka, sahau, popote utakapolala: lami ikiisha kuna kilomita 5 za mchanga mzito, halafu mwendo wa miguu wa kama kilomita moja. Na sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili mwaka mzima tujipange upya, maana Juni kule linatoka baada ya saa moja na nusu asubuhi.

Kwa mtu wa Dune 45 nasema lala ndani. Kama unataka Deadvlei tu, Sossusvlei Lodge na Sossus Oasis, zilizo nje lakini getini kabisa, zinatosha, hata Desert Camp iliyo umbali wa kama kilomita 5. Solitaire, kama kilomita 80, nisingelala kwa ajili ya matuta: choroa huvuka barabara gizani, na mikataba mingi ya magari ya kukodi hairuhusu kuendesha usiku. Pafanye pa kujaza mafuta na kula keki yao ya tufaha.

Kambini Sesriem unapata mgunga wa kivuli, bomba la maji na mahali pa kuwasha moto. Bafu ni za pamoja. Beba vigingi vya chuma, kwa sababu ardhi ni ngumu na upepo wa alasiri hung'oa vya plastiki. Juni hadi Agosti usiku hukaribia nyuzi sifuri, basi blanketi la ziada si anasa. Viatu viingie hemani, mbweha huvibeba. Kuni nunua, usiokote.

Zile kilomita 5 za mchanga ni za 4x4 pekee, na hata hiyo hunasa tairi zikiwa zimejaa. Punguza upepo hadi kama bar 1.5, na uwe na pampu ya kuujaza tena ukirudi kwenye lami. Huna 4x4? Panda gari la kulipia pale kwenye maegesho.

Ada ya hifadhi ni mbali na bei ya kulala. Mtanzania atembee na pasi yake, kwa kuwa raia wa nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, hulipa pungufu. Mkenya hulipa kama wageni wengine wa kimataifa.